Ponsiano Alisema Nini?

Saa mbili na robo asubuhi, na Husseini Maulidi bado hajagusa televisheni ya mteja hata moja. Zipo nne zinamsubiri kwenye kibanda chake cha ufundi hapa Sofu, Kibaha, na moja imeandikwa kwa chaki "HARAKA". Yeye ameinamia mkanda wa video, ile mikubwa myeusi ya zamani, anaufuta kwa pamba na spiriti kidogo kidogo, kama mtu anayemsafisha mtoto kidonda.

"Ni ukungu huu," anasema bila kuinua uso. "Ukivuta kwa pupa, picha yote inabaki kwenye pamba."

Leo ni siku ya tatu anafuta. Mkanda wenyewe ni wa dakika ishirini na tano.

Ukimuuliza kuna nini humo, atakuambia kuna Wamarekani wawili wanapiga mpira kwa rungu, basi. Ni shindano la besiboli la televisheni, la zamani mno, picha hazina rangi, yeye mwenyewe alikuwa hajazaliwa. Mmoja anatupiwa mpira, anaupiga. Ukivuka ukuta umehesabiwa, usipovuka umepotea. Mwenzake anasubiri zamu kwenye kiti kando ya mtangazaji, wanapiga soga. Kisha wanabadilishana.

"Hicho kiti sasa," anasema Husseini, na hapo ndipo anainua uso. "Sisi tuliupendea mchezo hicho kiti."

Sisi, maana yake yeye na marehemu Ponsiano.

Husseini, mwenye miaka 53, ni Mzaramo wa Kisarawe. Ponsiano alikuwa Mnyamwezi wa Tabora. Aliletwa Kisarawe akiwa mdogo na mama yake, Bi Justa, aliyepata kazi ya upishi shuleni. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, kwa hiyo tangu darasa la tatu wawili hawa walikuwa wakitukanana kwa raha zao, na asiyewajua angedhani kesho watachinjana.

Mwaka 1999 wakafungua kibanda umiza nyuma ya soko la Kisarawe. Televisheni moja, deki moja, mabenchi sita, kiingilio shilingi hamsini. Filamu zilikuwa za Kizungu na Kichina, wateja hawaelewi kitu, basi wao wakashika vipaza sauti na kutafsiri. Kutafsiri gani! Kiingereza chenyewe walikuwa wanakisikia kwa mbali. Walikuwa wanatunga.

Mikanda ya rungu waliachiwa na mwalimu wa kujitolea, Mmarekani, aliyekuwa anarudi kwao. Waliijaribu Jumapili moja kwa kukosa filamu mpya. Mpigaji wa kwanza wakamwita Mzaramo, akasemewa na Husseini; wa pili Mnyamwezi, akasemewa na Ponsiano. Mmoja akiwa anapiga, wa kwenye kiti alikuwa na kazi moja tu, kumchamba.

"Hatukujua kanuni hata moja," anasema Husseini. "Tuliona mpira ukivuka ukuta mtu anatabasamu, usipovuka anakunja uso. Ikatosha kabisa."

Umbali walipima kwa vituo vya barabara ya Morogoro. Mpira mdogo ulitua Maili Moja. Ukichangamka, Kongowe. Ukipigwa kweli kweli umevuka Ruvu, na siku moja ulifika Magindu, ng'ombe wa watu wakatimua mbio. Watu waliacha filamu za mapigano wakadai rungu. Waliyajua mashindano yale kwa moyo, wanajua nani atashinda, na bado wanakuja.

Siku hizi mashindano ya namna hiyo yapo kwenye simu. Mwanawe alimwonyesha. Husseini aliangalia dakika tano akamrudishia simu yake.

"Taa, fataki, muziki, watu elfu ngapi wanapiga kelele. Hakuna wa kukaa na mwenzake wakaongea. Ule wetu ulikuwa na watu wawili na kiti, bwana. Viwanja vitupu kabisa. Sijui kwa nini nikiukumbuka nasikia kulia."

Anajua sana kwa nini. Ponsiano alifariki Machi 2005 kwa kuugua kifua, akiwa na miaka 32. Kibanda kikafungwa mwezi huohuo. Msibani, kwa desturi, mtani ndiye wa kumsema marehemu, awachekeshe waliofiwa. Watu walimsubiri Husseini. Alisimama, akafungua mdomo, akakaa. Kisha akahamia Kibaha kutengeneza televisheni, kazi ambayo siku nzuri inampa shilingi elfu kumi na tano na siku mbaya inampa salamu tu.

Bi Justa alibaki Kisarawe. Ana miaka 79 sasa na macho yamefifia. Ijumaa ya wiki ijayo binti yake anakuja kumchukua, anarudi Tabora moja kwa moja. Alipompigia Husseini kumuaga alimwomba kitu kimoja.

"Picha yake ninayo, ingawa siioni," alimwambia. "Sauti ndiyo sina. Ninaisahau, mwanangu. Wewe huna?"

Husseini alikuwa nayo. Mwaka 2004 walirekodi mkanda mmoja kibanda kikiwa kimejaa watu, wakafuta sauti ya Kizungu na kuweka yao, ili wauze nakala. Nakala hata hazijatolewa, Ponsiano akaanza kukohoa, mkanda ukaingia kwenye boksi. Ni huo anaoufuta. Alimwahidi mama: Jumatano utamsikia.

Jumatano saa nane mchana, bajaji ya kukodi iliyopita njia ya Kiluvya inasimama mlangoni kwa Bi Justa, Kisarawe. Husseini anashusha deki aliyoifufua kwa vipuri vya deki tatu, na televisheni ya zamani yenye mgongo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mzaramo umekuja kweli? Nilidhani umepitia ngomani."

Anamsogezea kiti mpaka karibu na spika. Bi Justa anavua kitenge kichwani, masikio yawe wazi.

Mkanda unazunguka. Picha inatetemeka, inakaa. Halafu inalipuka sauti ya kijana, kavu, yenye mbwembwe: "Mabibi na mabwana, Mnyamwezi huyo anaingia! Mpira ule angekuwa na hiari asingeupiga, angeubeba kichwani kama mpagazi mpaka Tabora!" Ni sauti ya Husseini. Bi Justa anacheka, anasubiri.

Kimya. Kisha kicheko kikubwa cha kibanda kizima. Kisha Husseini tena: "Ala! Hapo umenionea, mtani!"

Kimya kingine. Kicheko. "Haya yaishe, mtani, yaishe!"

Husseini anasogea kwenye deki. Anagusa waya, anapunguza, anaongeza. Anaurudisha mkanda nyuma, anaucheza upya. Katika mkanda mzima Ponsiano hayupo. Yupo Husseini anayemjibu, na wapo watu wanaomcheka.

"Vipaza sauti vilikuwa viwili," anasema hatimaye. "Cha kwangu nilikiunga kwenye deki. Cha kwake nilikiacha kwenye spika ya kibanda, kule nyuma; cha kwangu kimeokota kelele za watu tu. Pale ndani tulisikika wote, nikajua mambo sawa. Sikuwahi kuusikiliza, hata baada ya kuufuta niliogopa usije ukakatika. Waya niliunga mimi, mama. Mimi mwenyewe."

Bi Justa anakikunja kitenge chake mapajani.

"Mzaramo wewe," anasema. "Waya mmoja tu umekushinda."

Ni utani, na mtani haruhusiwi kukasirika. Husseini, mtu mzima na ndevu zake, anaufunika uso kwa viganja na kulia mbele ya mwandishi wa makala haya.

Mama anamwacha alie. Halafu anauliza, "Walikuwa wanamcheka hivyo?"

"Walikuwa wanakufa kwa kicheko, mama. Kuna mtu alidondoka kwenye benchi."

"Mimi sikuwahi kuingia humo. Nilimwambia ni uhuni." Anapapasa mpaka anaushika mkono wake. "Rudisha mwanzo. Kila wakicheka, simamisha, uniambie alisema nini."

Vicheko ni kumi na moja. Cha kwanza Husseini alikijua papo hapo. Ponsiano alisema Mzaramo anapiga mpira mbali kwa sababu amesikia ngoma inalia huko, anatafuta sababu ya kuufuata. Bi Justa alicheka mpaka akakohoa. Cha pili alikijua. Cha tano na cha nane pia. Vilivyobaki, miaka zaidi ya ishirini imepita navyo.

Angeweza kutunga. Kutunga ndiyo ilikuwa kazi yake, na mama asingejua.

"Nilijaribu," anakiri. "Nikafungua mdomo nikasikia ni mimi ninayesema. Mama anamtaka Ponsiano."

Kwa hiyo tangu Jumatano hiyo televisheni nne za Sofu zinaendelea kusubiri, hata ile ya HARAKA, na fundi wake anazunguka Kisarawe kuwatafuta waliokaa kwenye mabenchi yale. Bi Sikudhani, aliyekuwa akiuza kashata mlangoni, amempa vicheko viwili. Sadick, fundi cherehani, amempa kimoja, na akamwigizia hata namna Ponsiano alivyokuwa akishusha sauti kabla ya kuchoma. Kila akipata, anakimbia kwa Bi Justa.

"Alikuja jana akiwa hajala," anasema mama. "Nikamwambia kaa ule. Hataki, anataka kwanza ajiseme mwenyewe, Mzaramo, kwa maneno ya mwanangu. Mungu ambariki mjinga yule."

Saba vimepatikana. Vimebaki vinne, na Ijumaa ya safari haiko mbali. Husseini anasema akishindwa atampigia hata akiwa Tabora, hata mwakani, alimradi mama yupo. Anawaomba wote waliowahi kulipa shilingi hamsini nyuma ya soko la Kisarawe waende kwa Bi Justa, au wafike kwake Sofu, wamuulize mtu yeyote kibanda cha fundi Husseini.

Kinachomtesa zaidi ni cha kumi na moja, cha mwisho, kirefu kuliko vyote. Anakicheza tena kibandani kwake Sofu, sikio likiwa juu ya spika. Mpira umevuka ukuta, aliyepiga anarudi kwenye kiti. Kimya. Kisha kibanda kizima kinalipuka, na juu ya sauti zote anasikika yeye, kijana, akicheka mpaka pumzi inamkatika, akigonga meza kwa kiganja.

"Huyo ni mimi," anasema. "Nisikie ninavyocheka. Na sikumbuki alisema nini."

Anaurudisha mkanda nyuma kidogo, na kuiinamia spika tena.