Vipuri Nilivyovitupa Mkondoa

Admin, jina langu lifiche. Aina ya gari nayo sitaitaja, maana Kilosa yote ingenijua. Mimi ni mama wa miaka sabini na mbili, nimesoma hadi kidato cha nne, na tangu shuleni naandika daftari la siku zangu, tarehe juu, mambo chini. Ninachowaletea kimo humo na hakuna mtu aliyewahi kukisoma.

Mume wangu alikuwa dereva. Enzi za Ujamaa aliendesha pikapu ya Kijapani kwenye shamba la mkonge huko Kimamba. Mkonge ulipodorora, pikapu iliwekwa juu ya mawe ikanyofolewa kila kitu, mwishowe yeye akapewa bodi tupu. Akaapa kuifufua. Madukani hata sabuni ilikuwa shida, sembuse spea za gari la Kijapani, kwa hiyo alizikusanya moja moja kwa miaka. Taa za nyuma alizipata Kidete. Kioo cha pembeni alikibadilisha kwa majogoo wawili kule Malolo. Alikuwa na saa ya dashibodi, nembo ya mbele inayong'aa, hata kalenda kuukuu yenye picha ya gari lile lile chini ya mlima wa theluji. Kila kimoja alikifuta, akakifunga kwa gazeti na kukiweka kwenye sanduku chini ya kitanda. Watoto walionyeshwa sikukuu tu.

Mwenzake katika kutafuta alikuwa fundi mmoja wa Mikumi, Mnyamwezi, ambaye baba yake alikuja huku kukata mkonge. Sisi Wasagara na wao ni watani, lakini huyu alikuwa zaidi, alikuwa kama mdogo wake wa damu. Siku mume wangu anaondoka kwenda Dodoma kumwuguza shangazi yake, fundi alimwambia mbele ya majirani, "Nenda salama, mtani. Ukirudi utakuta sanduku limejaa mavi ya panya, vitu vyote nimebeba." Mume wangu akamjibu, "Beba na bodi kabisa, babu zako walizoea mizigo." Tukacheka wote.

Wiki hiyo msako wa walanguzi ukafika kwetu. Kila siku tulisikia fulani amekamatwa kwa kuficha bidhaa. Jirani yangu alimwaga sukari yake chooni. Nikalitazama lile sanduku, nikamwona mume wangu amefungwa kwa kuficha spea. Sikuwa na wa kumwuliza. Jumanne asubuhi, naisoma hapa, nilivitia vyote kwenye karai, nikafunika kwa nguo chafu, nikaenda mtoni kama ninayekwenda kufua. Nilikwenda mara tatu. Kila nilichokitupa Mkondoa nilikiandika kwa mpangilio, kana kwamba kuandika kungenipunguzia. Nembo peke yake ilinishinda kuitupa, nikaishonea ndani ya mto wangu wa kulalia.

Alhamisi wakaguzi walikuja. Waliuliza sabuni, khanga na sukari. Mmoja wao alilivuta lile sanduku tupu, akalikalia, akaomba maji, akashukuru, wakaenda zao.

Mume wangu alirudi Jumapili. Maneno nilikuwa nimeyapanga tangu alfajiri. Alivuta sanduku kabla hata ya kuvua viatu, akalifungua, akakaa sakafuni. Akasema taratibu, "Kumbe mtani hakuwa akitania." Nikafungua mdomo. Akaanza kulia, mtu ambaye sikumwona akilia hata tulipomzika mtoto wetu wa kwanza. Nikaufunga. Nilijiambia nitamwambia kesho.

Kesho yake niliamka ameshakwenda Mikumi. Alimkuta fundi kazini, akamwuliza mbele ya watu kama amebeba vitu vyake. Yule, masikini, alidhani utani unaendelea. Akacheka, akasema, "Nimebeba, na mkeo namfuata Ijumaa." Mume wangu akampiga kofi. Hawajazungumza tena mpaka leo. Ile bodi imeozea uani, kuku wametagia humo vizazi na vizazi, na mimi nimepita kando yake kila asubuhi nikienda kuokota mayai.

Mwezi uliopita alikuja binti wa fundi, amebeba mfuko. "Shikamoo, baba mkubwa." Mume wangu aliitikia marahaba kwa shida. Kwenye mfuko mlikuwa na taa mbili za nyuma, kioo cha pembeni na saa ya dashibodi. Binti akasema, "Baba haamki kitandani, ni figo. Anasema vile vyako hakuvichukua, lakini hivi amevitafuta miaka yote hii, vingine vimetoka mbali kwa watu wa mtandaoni. Anaomba akuone tu."

Mume wangu aliishika taa kwa mikono miwili, akaigeuzageuza kwenye mwanga. Nilidhani moyo umelainika. Akasema, "Mwambie baba yako nimevipokea. Na leo nimejua kwa hakika kuwa ni yeye."

Nilimsindikiza yule binti hadi stendi. Alilia njia nzima, na mimi nilimshika mkono. Mpaka gari linaondoka sikusema.

Tangu siku hiyo mume wangu anawasimulia wenzake msikitini kwamba mwizi wake amerudisha mali. Analala vizuri kuliko zamani. Ana presha, na mwezi wa tisa atatimiza miaka themanini. Jana binti alipiga simu kwamba baba yake hali tena chakula, na kila mlango ukigongwa anauliza kama ni mtani amekuja.

Nikisema, namvunja mzee wangu, na sijui kama miaka yangu yote ya ndoa itasimama. Nikinyamaza, mtu atazikwa akiitwa mwizi kwa kitu nilichokifanya mimi kwa mikono yangu. Nimeufumua mto. Nembo iko hapa mezani juu ya daftari, bado inang'aa. Basi la Mikumi linaondoka asubuhi. Ndugu zangu, nishaurini: niende nayo kwa mgonjwa kwanza, au niiweke mbele ya mume wangu akiamka? Nianze na nani?