Kioo Kwanza

Umeme umekatika tena hapa Awindiri, kabla hata tone moja halijaanguka. Nawasha taa, na harufu ya mafuta inanirudisha utotoni, uani kwetu Dadamu.

Wingu jeusi lilikuwa limetanda, na upepo ulikuwa na ule ubaridi wa mvua ya mawe. Muhogo wetu wa unga ulikuwa umeanikwa kwenye turubai, umekauka vizuri, chakula cha wiki nzima. Nilishika pembe moja ya turubai nikimngojea mama ashike nyingine. Mama akakimbilia ndani.

"Mama, muhogo!"

"Wacha muhogo! Kioo iko wazi! Unataka radi iingie nyumba?"

Kioo chenyewe kilikuwa kipande cha baba cha kunyolea ndevu, hakizidi kiganja. Mama alikifunga kwa kitenge chake na kukilaza taratibu chini ya godoro, utadhani mtoto mwenye homa. Mvua ilipotulia, muhogo ulikuwa uji, na taa yetu ya chemni, ambayo hakuna aliyeikumbuka, ilikuwa imevunjwa na mawe kibarazani.

Tulikaa gizani na njaa yetu. Mama akasema, ameridhika kabisa, "Umeona? Radi haikuingia."

Utambishia nini mtu kama huyo? Nilinuna wiki nzima.

Sasa mabati yameanza kulia. Binti yangu anapiga kelele kwamba nguo bado ziko kwenye kamba.

"Wacha nguo!" namfokea, huku nikipekua kabati kutafuta kile kitenge cha mama.