Mtoto wa Dege Hachomwi Sindano

Nilipokuwa mtoto, usiku mmoja ndege alilia juu ya paa letu la makuti kule Pangani. Alilia mara moja tu. Bibi yangu akainuka, akampapasa mdogo wangu gizani, akamkuta amekakamaa, taya zimebana.

"Dege huyo," alisema. "Leteni kaniki."

Kwetu degedege alikuwa ndege mkubwa asiyeonekana. Mtoto aliyepitiwa na kivuli chake alifunikwa kaniki nyeusi ili asionekane tena, akafukizwa kinyesi cha tembo. Moshi ulituchoma macho sote. Mdogo wangu akalegea, akalala, akaamka anataka uji. Bibi alishinda, na kwa miezi mingi aliendelea kushinda.

Siku dege alipokataa kuondoka, Mama alimfunga mtoto mgongoni ampeleke hospitali. Bibi akakaa kizingitini.

"Mtoto wa dege hachomwi sindano. Ukimchoma, umeifungulia roho mlango."

"Mama, hapumui vizuri."

"Mimi nimelea wangapi? Mfungue."

Mama akamfungua. Haikufika alasiri, mtoto akafariki. Tangu hapo Bibi alikataza jina lake lisitajwe, dege asije akajua kwamba nyumba ile bado ina watoto.

Nilipokuwa chuoni nilimlaumu sana Bibi. Siku hizi ulimi ni mzito. Alikuwa amewaona watoto waliofikishwa hospitali wakiwa hoi, wakachomwa sindano, wakafa. Aliiona sindano, hakuuona ule muda uliopotea nyumbani.

Sasa binti yangu Zuhura, wa darasa la pili, ana kifafa. Vidonge vimebadilishwa, vimeongezwa, na bado anaanguka. Daktari anasema sehemu ya ubongo inayoanzisha mitukutiko imeonekana kwenye picha, na inaweza kuondolewa. Huenda akapona. Huenda pia akapoteza maneno, au nguvu za mkono. Baba yake amekubali. Limebaki jibu langu. Nami nazunguka nyumba hii ya Raskazone, nakunja nguo zilizokwisha kunjwa, nafungua friji na kuifunga. Nikikataa, nimekaa kizingitini. Nikikubali, kisu kimepita kwa idhini yangu. Elimu yangu yote haijanipa usingizi.

Jana Mama alikuja kutoka Pangani. Zuhura akampokea mkoba.

"Shikamoo, bibi. Watanipasua kichwa."

"Marahaba. Waangalie vizuri, humo watakuta katuni tupu."

Zuhura akacheka, akakimbilia uani. Jikoni nikamweleza Mama kila alichosema daktari. Nilidhani ataniambia tusubiri, na sehemu yangu moja ilitaka aniambie hivyo.

"Akipoteza maneno tutamfundisha," alisema, akimenya vitunguu. "Wewe mwenyewe ulichelewa kusema, na leo nani atakunyamazisha?"

"Na asipoamka, Mama?"

Kisu kikasimama.

"Hilo sina la kukuahidi. Anajua Mungu." Akafuta mikono kwenye kanga, akageukia mlango wa uani, ambako Zuhura alikuwa akiruka kamba. "Lakini yule wangu nilimfungua mgongoni kwa mikono hii, na mpaka leo najiuliza wangemfanyia nini. Usije ukaishi na swali hilo. Mpeleke, mwanangu. Mimi sikumpeleka Mwanaidi."