Ng'ombe Saba wa Mbao

Mimi ni mwoga. Nianze na hilo msije mkanisifu bure. Naogopa radi, naogopa mbwa, na hata katika uzee huu naogopa kuitwa ukweni. Lakini hofu niliyoipata mwaka ule wa sotoka, nilipokuwa kijana wa kupaka rangi katika karakana ya misheni pale Bugene, sijaipata tena, na simwombei mtu.

Sotoka ni ugonjwa wa ng'ombe. Unaingia zizini Jumatatu, Jumapili huna wa kukamua. Serikali ikaweka karantini: ng'ombe wa kwetu asivuke kwenda upande wa Isingiro, wala wa huko asije kwetu. Watu tuliruhusiwa kupita, ila pale kwenye kizuizi tulioshwa miguu kwa dawa. Na mchumba wangu alikuwa Isingiro. Mahari ilikwisha kubaliwa, ng'ombe saba, na wote saba walikuwa katika zizi la baba yangu, upande usiofaa.

Tungengoja, yangekwisha. Lakini kulikuwa na mwanamume mwingine wa huko huko Isingiro, na ng'ombe wake hawakuwa na kizuizi cha kuvuka. Mshenga wangu, mjomba wa baba, alirudi kutoka huko amekunja uso. Mzee, baba wa binti, amesema atangoja Jumapili tatu tu. Zikipita, binti atapewa mwenye ng'ombe wanaoonekana.

"Wanaoonekana?" nikauliza.

"Ndivyo alivyosema. Maneno ameyachoka, anataka kuona."

Nilimpenda yule binti, niseme wazi. Tulisoma katekisimu pamoja, alipokuja kukaa kwa shangazi yake ng'ambo ya kanisa letu, na alikuwa na kicheko cha kuwakera makatekista. Niliposikia habari ya Jumapili tatu, nilikaa bila kutazama, juu ya kopo la rangi, na halikuwa na mfuniko.

Mshenga aliniacha nijifute, halafu akasema, "Wewe si fundi? Wachonge." Niwachonge wote saba, kila mmoja na rangi yake, pembe zake, baka lake pale lilipo, ili mzee awajue kwa sura na kuwapokea kama dhamana mpaka njia ifunguliwe. Kwetu hakuna aliyewahi kufanya hivyo. Watoto huchezea ng'ombe wa udongo, sawa, lakini mahari ya vinyago! Nilicheka. Yeye hakucheka.

Kuchonga hakukunisumbua. Nilichukua mabaki ya mbao, nikawachonga urefu wa kiganja, pembe ndefu zimepinda juu kama walivyo ng'ombe wetu. Balaa lilikuwa rangi. Mfugaji wa kwetu humtambua ng'ombe kwa rangi yake kabla hujamaliza kumtaja: huyu kitare, mweupe, huyu bihogo, mwekundu wa kuiva. Ukikosea rangi umeleta ng'ombe mwingine. Na rangi nzuri haikai juu ya mti mtupu, lazima itangulie rangi ya chini, ile vijana wa leo wanaiita praima. Kwa brashi ingeziba masikio na mikunjo ya shingo. Nikaamua kuipuliza kwa bomba la mkono, lile la kuulia mbu, ambalo fundi mkuu wetu alilitumia kwa miguu ya viti.

Nilipuliza alasiri moja ya kiangazi, upepo unavuma, jua kali. Kwa kuogopa kwangu rangi isije ikachuruzika, nilisimama mbali, hatua mbili nzima. Kumbe rangi ikikimbizwa mbali hivyo hukaukia hewani, ikifika inatua kama vumbi. Nikaona wamekuwa weupe, nikafurahi. Sikuwagusa. Siku ya pili nikampaka bihogo rangi yake nyekundu, ndipo mshenga akaja kumtazama.

Hakumtazama kwa macho. Alimshika, akapitisha kidole gumba mgongoni, kutoka mkiani kwenda shingoni, kinyume cha manyoya. Uso ukambadilika.

"Huyu manyoya yamesimama."

"Mjomba, ni rangi tu imekwaruza."

"Manyoya yamesimama! Ng'ombe akianza kuugua sotoka ndivyo anavyokuwa, kabla hata ya kutoa machozi. Unataka nimpelekee mzee ng'ombe mgonjwa? Mwaka huu? Atanitoa mbio kwa fimbo, na binti utamsikia kwenye matangazo ya ndoa za watu wengine."

Nikapapasa. Kweli, mgongo ulikuwa kama ulimi wa ndama. Wote saba walikuwa hivyo hivyo. Fundi mkuu, mzee mwenye mdomo mchafu na moyo safi, alikuja akawapanga kwenye benchi.

"Mwanangu, umewapaka rangi au umewagaragaza kwenye unga?"

Ilibidi niwavue. Nilifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, taratibu, rangi ikalegea ikatoka, kisha nikasugua kwa majani makavu ya msasa, yale yanayokwaruza kuliko karatasi ya dukani. Vidole vilichubuka. Pembe ya kitare ikavunjika, nikaigundisha huku nikimwomba msamaha kama vile inamuuma. Jumapili ya kwanza ilikuwa imekwisha pita.

Mara ya pili nikajidai nimejifunza. Nikapuliza alfajiri, ili upepo usinikute, nikasogea karibu. Loo! Ukungu wa kwetu mnaujua, asubuhi unaweza kuukamua. Rangi ikapata unyevu, ikafanya utando kama mtu mwenye mtoto wa jicho. Na si hilo tu. Bomba nilikuwa nimelisafisha kwa mafuta ya taa bila kulikausha, na kila tone la mafuta lililobaki liliikataa rangi. Vikatokea vidoa vya mviringo, vidogo, vimejaa mbavuni na mdomoni. Nilikimbia mpaka nyuma ya karakana nikalia. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nalia kwa ajili ya vinyago.

"Sasa hawa hawajasimamisha manyoya," fundi mkuu alisema, akiinua mmoja. "Hawa wametoka vidonda kabisa. Unaendelea vizuri, kesho watazikwa."

Aliona sicheki. Akaliweka bomba mbele yangu. "Tatizo lako si mkono, ni woga. Mara ya kwanza uliogopa kusogea, mara ya pili ukaogopa kungoja. Rangi inataka mtu mwenye subira. Vua tena."

Nikavua tena. Vidole vikatoa damu. Fundi akanisimamia kama mtoto wa shule: bomba lioshwe kwa tapentaini, si mafuta ya taa, na likaushwe juani. Rangi ikorogwe mpaka chini, ichujwe kwa kitambaa, kopo likalishwe kwenye maji ya moto ipate kulainika. Tungoje mpaka saa tatu asubuhi, ukungu umepanda na upepo haujaamka. Umbali ni shubiri moja na nusu. Bomba lianze kando ya ng'ombe, lipite juu yake, liishie kando, lisisimame kamwe juu ya mgongo. Tabaka jembamba, ngoja, jembamba tena. Nilipoanza kurudi nyuma akanishika kiwiko.

Rangi ilikauka. Fundi alikuwa wa kwanza kupapasa. Hakutukana, na kwa mzee yule hiyo ilikuwa sifa kubwa. Nikapaka rangi zao siku mbili, na nilipomaliza, bihogo alikuwa laini kama ng'ombe aliyepakwa siagi. Nilidhani hofu yangu imekwisha.

Alhamisi dada yangu mkubwa akaja karakana kwa miguu kutoka nyumbani. Nilimwona anavyotembea nikajua.

"Bihogo amekufa jana," akasema. "Wengine wawili wanatoa machozi. Baba anasema ukimya. Wapeleke hao wako wa mbao, binti aje, mengine tutajua mbele."

Haki ya Mungu, sikuwahi kumwogopa mtu kama nilivyoogopa yale maneno ya baba. Niseme, nimkose mke, na baba anilaani. Ninyamaze, nimpe mkwe maiti iliyopakwa rangi. Kwa karibu wiki tatu nilikuwa napambana kumfanya yule ng'ombe aonekane mzima, sasa nimefaulu, na yeye kafa. Fundi mkuu alipoona nawafunga kwa majani makavu ya mgomba bila kuwatazama, akaniuliza kulikoni, nikamweleza. Akakuna kidevu. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," akasema, halafu akarudi kwenye randa yake. Ushauri ndio huo, mengine nijitegemee.

Mimi na mshenga tulitembea siku mbili. Sikumwambia. Kwenye kizuizi tulioshwa miguu, kapu langu likafunguliwa, askari wa mifugo akawatoa ng'ombe wangu mmoja mmoja akacheka mpaka akakohoa. Mimi jasho lilinitiririka kana kwamba nimebeba sotoka yenyewe ndani ya kapu.

Tulifika Isingiro Jumapili, jua limeshuka. Kwa desturi kijana hakai kwenye mazungumzo hayo, lakini mzee alitaka niwepo nimtajie kila ng'ombe. Alikuwa mrefu, mkavu, hakutabasamu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Watoe."

Nikawapanga juu ya mkeka. Akachutama, akamchukua kitare, akapitisha kidole gumba kinyume cha manyoya, sawasawa na mshenga. Akamweka chini, akachukua mwingine. Watano. Sita. "Wamenona," akasema, na mshenga akavuta pumzi. Kisha akamshika bihogo, akampapasa muda mrefu kuliko wengine.

"Huyu ndiye mkubwa wao. Anakula vizuri?"

Mshenga akafungua mdomo kujibu, mimi nikamtangulia.

"Amekufa, baba."

Mshenga alinifinya paja nusura atoe nyama. Sikuweza tena kurudi nyuma. "Alikufa Jumatano. Wawili wengine wanaugua. Hao waliobaki sijui, pengine leo wapo, pengine hawapo. Niliambiwa nisiseme."

Mzee hakuinua kichwa, akamrudisha bihogo mkekani. Nilijua kinachofuata: fimbo, mlango, njia ya kurudi, na yule mwingine akija na ng'ombe wake wanaotembea.

"Mlipokuja mmepita zizini kwangu?" akauliza.

"Tumepita, baba."

"Mmesikia nini?"

Nikafikiri. Ilikuwa saa ya ng'ombe kurudi, saa ambayo ndama hulia na watu hupigiana kelele kwenye kukamua. Tulipita pale tukadhani wako malishoni bado.

"Hatukusikia kitu."

"Hakuna cha kusikia. Wangu wote wamefukiwa bondeni, kwa siku kumi tu." Sauti ilikuwa chini sana. "Yule kijana mwingine alipojua hakuja tena. Amesema haoi katika nyumba isiyo na maziwa. Tukanyamaza, tusije tukakukosa na wewe." Ndipo akaniangalia, na midomo ilikuwa inamtetemeka. "Sasa umejua. Utarudi kwenu?"

Mzee yule niliyemwogopa wiki tatu nzima alikuwa ananiogopa mimi.

"Sirudi, baba," nikasema.

Nikapiga magoti mkekani, nikawaokota ng'ombe wa mbao mmoja mmoja nikampa. Naye akawapokea kwa mikono miwili, wote saba, hata yule aliyekufa.