Mfuga Upepo na Mlango Uliobaki

Saa nane mchana, jua limekaa juu ya mabati kama mgeni asiyejua kuaga. Fundi wa friji amepiga magoti nyuma ya friji ya mama muuza juisi, kichwa na mabega vimezama kati yake na ukuta, miguu iko nje. Kwa sasa ni nusu mtu.

Mama muuza juisi amesimama pembeni na ndoo ya juisi ya nanasi iliyofunikwa kitambaa kibichi. Anasema ikichacha ataiuza kama kileo, na polisi wakija atamtaja fundi kuwa mbia wake.

Fundi hana haraka. Ameunganisha mpira mwembamba kutoka kwenye bomba la friji hadi kwenye pampu ndogo inayonguruma, na kutoka kwenye pampu hadi kwenye mtungi. Gesi iliyobaki ndani ya friji inahamia mtungini taratibu. Fundi mwingine angefungua bomba tu, psss, gesi ikaenda zake na kazi ikaendelea.

“Fundi,” anauliza mama, “na upepo nao unafugwa?”

“Huu unafugwa, dada. Ukiuachia hauendi mbali. Unapanda juu, unakaa huko, halafu unakuletea joto hapo ulipo.”

Ndiyo maana mtaani hakuna anayemwita kwa jina lake. Wanamwita Mfuga Upepo. Watoto wamewahi kumuuliza upepo wake unakula nini, na kama unataga.

Yeye hucheka nao. Ana cheko la mtu aliyekwisha kuchekwa vya kutosha akaona afadhali ajiunge.

Kwa miaka mingi naye alikuwa wa psss. Ndivyo alivyofundishwa na fundi wake wa kwanza, aliyemwambia hewa haina mwenyewe. Kisha chuo kimoja cha ufundi kikawaita mafundi wa friji kwenye semina. Huko alisikia kwamba kilo moja ya baadhi ya gesi hizo hunasa joto kuliko kilo elfu moja za hewa ya ukaa, ile itokayo kwenye magari, viwanda na misitu inayochomwa.

Ukimwomba akueleze, hakupeleki angani. Anakupeleka nyuma ya friji.

“Watu wanadhani friji inatengeneza baridi,” anasema. “Haitengenezi. Inachota joto la ndani na kulitupa nje kupitia mgongoni. Sasa wewe uisukume ibanane na ukuta, uitundikie na matambara. Joto litatokea wapi?”

Dunia nayo, anasema, hupigwa jua ikapata joto, kisha hulirudisha joto hilo angani. Gesi zilizoko hewani hulizuia kiasi, na kiasi hicho ni neema, maana bila hizo tungeganda. Ila sisi tumezidisha. Tumechoma makaa ya mawe na mafuta, tumefyeka misitu, tumeachia gesi za friji, mpaka mgongo wa dunia umebanana na ukuta.

Joto likizidi, friji nyingi huharibika. Kwa maana hiyo huyu ni mtu ambaye msiba wa dunia humletea wateja. Analijua hilo, na halimfurahishi, kwa sababu joto hilohilo limemchukulia mke.

Hakuna aliyemtorosha. Walikuwa wakikaa chumba kimoja chini ya bati tupu. Msimu wa joto uliopita, mtoto wao alianza kuamka usiku akilia, mwili umejaa vipele, hadi siku alipozirai wakamkimbiza zahanati. Mkewe akafunga mzigo, akampeleka mtoto kwa kaka yake, kwenye milima yenye baridi. Alisema atarudi mvua zikianza.

Mvua zikachelewa. Zilipokuja zikaja zote kwa pamoja, zikabeba daraja. Daraja likajengwa upya, mtoto akawa ameshaandikishwa shule ya huko.

“Hatujagombana,” fundi anasema. “Tungegombana ningejua pa kuombea msamaha.”

Mganga hajigangi. Mtu anayewapoza watu wa mitaa mitatu alikuwa akilala kwenye tanuri. Akaamua kutengeneza kiyoyozi kutoka kwenye mabaki, akijaze gesi aliyoifuga, chumba kipoe na mke arudi. Alikusanya gesi kwa miezi, friji moja baada ya nyingine, yote katika mtungi mmoja.

Kosa lilikuwa hapo. Gesi za friji si za aina moja, na hazichanganywi. Mwalimu wa semina alilisema hilo mchana, baada ya chakula. Fundi hakulisikia. Ukumbi ule ulikuwa na kiyoyozi, naye hakuwa amelala vizuri tangu joto lianze. Alisinzia.

“Nililala usingizi ule wa mtoto aliyenyonya,” anasema. “Wakanipigia makofi wakati wa vyeti ndipo nikaamka.”

Alipokiwasha kiyoyozi, kilipuliza ubaridi kwa muda wa mtu kunywa chai. Kisha kompresa, ile pampu ya ndani, ikakoroma, ikanyamaza, na haijasema neno tangu hapo.

Sasa mtungi ule umesimama chumbani, kando ya kitanda, upande aliokuwa akilala mkewe. Hautumiki. Fundi aliuliza chuoni, akaambiwa gesi iliyochanganyika hupelekwa kuteketezwa kwenye mtambo maalumu, na gari la kuikusanya litakuja ikipatikana ya kutosha. Bado halijaja. Jirani mmoja alimshauri aufungue tu asubuhi moja, nani atajua?

Alikataa. “Nikiufungua, itakuwa kama sikuwahi kuufunga.”

Mkewe anajua habari za mtungi. Jioni wanapopigiana simu, humuuliza hali ya mke mwenzake. Fundi hujibu kwamba ni mtulivu, hadai kitu, ila mzito kumgeuza. Wanacheka wote wawili. Baadaye simu hukatika, na chumba husikika chote, hadi mabati yanavyolia yakipoa.

Ni katika kuyasikiliza mabati hayo ndipo alipopata akili nyingine. Mlango wa friji una unene ndani yake, ile sponji ngumu inayozuia joto lisipite. Nyuma ya kibanda chake cha kazi palikuwa na lundo la friji zilizokufa. Akang'oa milango, akaipandisha mmoja mmoja, akaipigilia kwenye boriti. Juu ya bati akapaka chokaa nyeupe ili jua liteleze.

Leo chumba chake kina dari ya milango ya friji. Ukilala chali unaona stika za watoto wa watu: nyota, samaki, herufi zilizochakaa. Mmoja una alama za kalamu mahali ambapo familia fulani ilikuwa ikipima urefu wa mtoto. Alama zinapanda, kisha zinaishia.

“Huo nimeuweka juu ya kitanda cha mtoto,” anasema.

Chumba kimepoa. Si ubaridi wa milimani, lakini mtu hulala. Mkewe amekubali kuja na mtoto shule zikifungwa, wajaribu usiku mmoja. Mtoto asipoamka akilia, watazungumza habari ya kuhama shule. Hakuahidi zaidi ya hapo, wala fundi hakumbana.

Limebaki pengo moja tu la dari, la mlango mmoja. Tatizo la fundi ni kwamba ili aupate, lazima friji ya mtu ife, na yeye kazi yake ni kuzifufua.

Friji ya mama muuza juisi ni ya zamani, ina mlango mpana na mnene. Amekwisha kuupima kwa macho, na mama amekwisha kumwona akipima.

“Usiniombee mabaya,” anamwambia.

Ingekuwa rahisi kumwambia imekufa. Angemwamini. Badala yake fundi ameziba tundu lililokuwa likivuja, amejaza gesi mpya, na anawasha. Friji inatetemeka, kisha inashika mwendo. Mama anaingiza ndoo yake bila hata asante, anaharakisha kufunga.

Fundi anatoka nyuma, sasa ni mtu mzima, magoti yamejaa vumbi. Anausukuma mlango kwa kiganja ahakikishe umeshika. Umeshika vizuri.

Sisi tunaomtazama akifanya kazi tunamuuliza itakuwaje shule zikifungwa kabla hajapata mlango.

“Pengo liko juu ya upande wangu wa kitanda,” anasema, akikunja mpira wake. “Wao watalala kwenye ubaridi. Mimi na joto tumeshazoeana.”