Sarafu za Baba na Mchanga wa Ziwa

Hadi leo nikiona sufuria iliyosuguliwa ikang'aa, hasira hunipanda, ingawa najua sufuria haina kosa.

Baba alikuwa mhudumu wa abiria katika meli zilizotoka Kisumu kwenda Mwanza na Uganda. Abiria waliobaki na sarafu ambazo hakuna duka la huku lingezipokea walimwachia yeye. Akirudi nyumbani alikuwa akinifumbua kiganja, anaweka moja, kisha ananiuliza imetoka wapi. Ndivyo nilivyojifunza jiografia: rupia za Uhindi, faranga za Kongo, senti za kikoloni zenye tundu katikati. Zote alizitia katika kopo la kakao. Alipokuwa mgonjwa aliniambia mbele ya kaka yangu, "Kopo ni lako. Hawa wengine wana shamba."

Kaka alicheka. "Chukua tu, dada. Hivyo vyuma hata kondakta hawezi kubali."

Sikulichukua. Baba alipofariki, desturi yetu haikuruhusu kitu chake kitoke chumbani kabla wazee hawajaketi kugawa, nami niliiheshimu. Nilirudi nyumbani kwangu mtaa wa Migosi, mjini Kisumu, nikangoja. Nilikuwa nimejuana na wakusanyaji wachache ambao hukutana Jumamosi kubadilishana sarafu, na nilikusudia kutoa zile tu zilizojirudia. Nyingine zingekaa nami hadi nife.

Kumbe kaka alikuwa ameona kwenye simu rupia kama ya Baba ikiuzwa kwa bei iliyomkosesha usingizi. Akaita mnunuzi kutoka mjini, mimi asinipigie hata simu. Shangazi yetu, ambaye sisi humwita waya, ndiye aliyeniambia, nami nikafika bomani, nyumbani kwa Baba, kabla ya mgeni.

"Hiyo kopo ni ya boma," kaka alisema hata sijaketi. "Wewe uliolewa. Mali yako iko kwa kina bwanako, kule Maseno."

"Baba alinipa ukiwa umekaa hapo hapo ulipo."

"Baba alikuwa mgonjwa."

Ugonjwa huo huo haukumzuia Baba kumwonyesha mipaka ya shamba lake, na mipaka hiyo hakuna aliyeitilia shaka.

Sijamaliza kumjibu, waya akaingia na ungo. Sarafu zilikuwa zimetandazwa humo, nyeupe, zikimeta kama magamba ya samaki. Kaka alikuwa amemwomba azitayarishe, naye akazipeleka ufuoni akazisugua kwa mchanga na majivu, kama wanawake wa kwetu wanavyosugua sufuria mpaka mtu ajione uso.

"Mgeni anaonyeshwa kitu chafu kweli?" alisema kwa fahari.

Mnunuzi alipofika aliinua rupia moja, akaigeuza, akachukua nyingine.

"Nani amefanya hii?"

"Si inang'aa?" kaka akauliza.

"Bwana, hizi mmeua. Hii sura imeisha kabisa. Sasa tafuta mtu wa vyuma kuukuu, atapima kwa kilo." Akacheka akimtazama waya, aliyekuwa bado na majivu kwenye kucha. Kicheko hicho nacho sijakisamehe. Waya alifanya kazi aliyotumwa, tena kwa heshima ya mgeni aliyekuja kumcheka.

Mgeni alipoondoka, kaka alinisukumia ungo kwa mguu.

"Haya, si ulikuwa unazitaka? Beba."

Nikazimimina koponi. Nilipofika mlangoni akasema nyuma yangu, "Na hata asante hakuna?"

"Asante ya nini?" nilimuuliza. "Wewe umenipa nini?"

Siku hizi siendi kwenye mikutano ya Jumamosi, kwa kuwa sina cha kubadilishana. Hakuna mkusanyaji anayetaka sarafu isiyo na sura. Lakini kaka, kila ukoo unapokutana, huwaeleza watu jinsi alivyomwachia dada yake urithi wa Baba, na wazee humpongeza kwa moyo wake. Mimi husimama papo hapo, chakula kikiwa mezani, nikasema aliyenipa ni Baba. Wazee huniambia niketi. Siketi mpaka niseme pia ni nani aliyeagiza zisuguliwe.