Vidonge Kabla ya Kilio

Saa tisa alasiri, wodi ya mifupa. Mama Ganzi amesimama kando ya kitanda cha fundi seremala, kikombe kidogo cha vidonge mkononi, na anagomba.

"Meza."

"Lakini mama, siumwi," fundi anajitetea. Anaugusa kwa kidole mguu wake uliofungwa bendeji. "Huu hata si wangu. Nimeazimwa na jirani."

"Najua huumwi. Ndiyo maana nimekuja sasa hivi. Meza!"

Fundi anameza. Kitanda cha pili mtu anacheka chini kwa chini. Mama Ganzi hacheki.

Ni muuguzi wa usingizi. Jina hilo alipewa na wagonjwa, naye amelizoea kuliko lililo kwenye kitambulisho chake. Asubuhi, kabla fundi hajaungwa kifundo cha mguu kwa vyuma, alimlaza ubavu, akautafuta kwa mashine ya picha mshipa wa fahamu unaopita nyuma ya goti, akamwaga dawa ya ganzi kuuzunguka. Mshipa ukilala, mguu nao hulala, na huendelea kulala saa nyingi baada ya upasuaji kwisha.

"Kwenye kioo unauona kama kitunguu kilichokatwa," anaeleza. "Sindano inasimama pembeni. Ndani ya mshipa ni kwa watu, huingii."

Sindano yenyewe haina ugomvi na mtu. Shida huanza wodini, toroli ya dawa inapopita na muuguzi anapouliza kwa upole, "Unaumwa?" Mwenye mguu uliolala atajibu nini? Anasema haumwi, toroli inapita. Ganzi inapoisha hana dawa yoyote mwilini, na maumivu yanamwangukia yote kwa mkupuo.

Ndivyo ilivyomkuta fundi cherehani mmoja mwezi uliopita. Mama wa watu alishinda akicheka na wageni wake, na kila alipoulizwa alisema hajambo kabisa. Giza lilipoingia alilia mpaka mlinzi wa getini akaja kuuliza kuna nini. Vidonge alivyopewa wakati huo vilikuwa vimechelewa mno.

"Mgonjwa haulizwi uji!" Mama Ganzi anafoka, na wauguzi wawili waliokuwa wakipita wanaongeza mwendo. "Mtu kachimbwa mfupa, unamwuliza kama anaumwa? Ataumwa! Mpe dawa mguu ukiwa bado umelala. Usipoziba ufa utajenga ukuta."

Lawama, kama kawaida yetu, ikaiangukia sindano. Msimamizi wa wodi alitangaza kwamba hapokei tena mgonjwa aliyechomwa ganzi ya mguu. Baada ya kubembelezwa sana alikubali mmoja wa mwisho, huyu seremala. Akilia kama yule mama, mashine inarudi stoo.

Msimamizi huyo ni wifi yake Mama Ganzi, mke wa kaka yake.

"Nyumbani tunapika jiko moja," anasema. "Hapa kidogo tung'oane macho."

Wifi ana sababu zake. Wauguzi ni wawili kwa wodi nzima, na vidonge havitoshi. "Nampa anayelia," anasema. "Anayecheka nimpe za nini?"

Ukiisikia harakaharaka, hoja hiyo ina busara. Ukiirudia inachefua, maana humo wodini dawa hununuliwa kwa machozi, na asiyejua kulia ameula wa chuya.

Mama Ganzi hakumwacha salama. "Wewe jino likikugusa tu, unameza vidonge kabla hujatoka nyumbani! Mkuki kwa nguruwe, wifi."

Hasira hiyo ameitoa mbali. Baba yake, mpakia mizigo mstaafu, alipasuliwa goti la kushoto kabla sindano hizi hazijaanza hapa. Alitafuna taulo mpaka likachanika, asitoe sauti. Wodi nzima ikamsifu kuwa ni mwanaume kweli.

"Walimsifu, dawa hawakumpa," anasema binti yake.

Sasa goti la kulia nalo limekwisha. Mzee anatembea kwa kushika kuta, na amesema hapandi kitanda cha upasuaji mpaka achomwe sindano ya bintiye, ambayo kwa goti huchomwa pajani. Wodi ikiikataa, atabaki na kuta zake.

Jioni Mama Ganzi hakwenda nyumbani. Dozi iliyofuata alimpelekea fundi mwenyewe, akamwonya tena asithubutu kuukanyagia mguu asiousikia.

Asubuhi wifi anaingia wodini, anamkuta fundi ameegemea ukingo wa kitanda, anachunguza bawaba iliyolegea ya kabati na kumlaani aliyeifunga. Ganzi iliisha alfajiri. Mguu, anasema, unapwita, lakini wanaelewana.

Wifi anamtazama, anaguna. "Huyu ana roho ngumu. Mwanaume kweli."

Mama Ganzi anavuta pumzi ya kulipuka, lakini fundi anamwahi.

"Nani, mimi? Dada, mimi kibanzi kikinichoma anakitoa mke wangu, na mtaa mzima unasikia. Ni vile vidonge nilivyolazimishwa."

Wodi inaangua kicheko. Wifi anainamia toroli yake, anapanga vikombe ambavyo tayari vimepangika.

"Haya," anasema hatimaye. "Mlete baba mkwe. Lakini vidonge utampa wewe."

"Utampa wewe," Mama Ganzi anajibu. "Na usimwulize kitu."

Mzee atapasuliwa wiki ijayo. Mwandishi alipomwuliza Mama Ganzi anaomba nini siku hiyo, alijibu huku akiisukuma mashine yake kwenda kwa mgonjwa mwingine.

"Nataka baba yangu aamke alalamike mto mgumu, jirani anakoroma, kama watu wote. Na yeyote atakayemsifu kwa kuvumilia, atanitambua."